MAZIWA YA NDAMA NI YA NDAMA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Leo nasema wazi, na atakayekasirika akasirike. Hapa kwetu Bungu wapo wafugaji wanaowaibia ndama. Ng'ombe akizaa tu, mtu anakamua mpaka tone la mwisho akauze, ndama anabaki kunyonya chuchu tupu. Wengine wanamwaga dang'a, ati ni maziwa machafu kwa kuwa ni ya njano na mazito. Halafu ndama akiharisha na kufa, tunasema kapatwa na jicho la watu. Jicho lipi, jamani? Tumemwua wenyewe!

Tazameni viumbe wengine. Kila mmoja ana utaratibu wake wa kulisha wanawe. Kuku hana maziwa: kifaranga hutoka na akiba ya kiini cha yai tumboni, kisha mama humwonyesha chakula naye akadonoa mwenyewe. Njiwa, jike na dume, wote wawili hutoa kooni kitu kama maziwa mazito wakawalisha makinda. Sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, akaondoka. Asiyejua husema kawatupa wanawe, kumbe wameshiba! Na hondohondo wa misitu yetu ya Usambara: jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa ukabaki ufa mwembamba, na dume ndiye huleta matunda kwa mama na kinda. Kijana mwenye manati akimwua dume huyo, ameinyima chakula nyumba nzima.

Sasa ndama. Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya maradhi akiwa bado tumboni. Ndama hapati. Kinga yake imo katika maziwa yale ya kwanza tunayoyamwaga! Na tumbo lake huipokea kinga hiyo siku ya kwanza tu. Kila saa ikipita, mlango unazidi kufungwa. Kwa hiyo anyonye ndani ya saa 6 za mwanzo. Ndama wa kilo 30 anahitaji kama lita 3. Baadaye apate kama lita 4 kila siku, huku akionjeshwa majani laini kidogo kidogo. Ndama wa wiki 2 usimwambie ashibe gwatemala. Tumbo lake la kucheua bado changa.

Najua mtanijibu: "Ada ya shule italipwa na ndama?" Swali hilo ni la haki, fedha ni ngumu. Lakini mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo. Mtamba wangu wa mkopo alizaa ndama jike, nikauza maziwa yote, nikafurahia fedha za wiki 3. Ndama akafa. Na ninyi mnajua sharti la kopa ng'ombe lipa ng'ombe: deni halilipwi kwa noti, hulipwa kwa mtamba ili jirani naye apate. Basi nilimnyima ndama, na jirani yangu nikamnyima pia. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Wazee wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Somo lile halikuisha. Hata mama aliyejifungua asikubali kuambiwa akamue maziwa ya njano ayamwage. Mtoto anyonye ndani ya saa 1 ya kwanza.

Napendekeza mkutano ujao uamue mambo mawili. Kwanza, maziwa ya siku 4 za mwanzo yasipokelewe kuuzwa. Ni mali ya ndama. Pili, kamati ipite mabandani kuwaona ndama kabla ya kugawa mtamba mwingine wa mkopo. Mwenye ndama mbavu nje asubiri kwanza.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mwenye la kupinga aandike, abandike hapa hapa ukutani, tusome wote.

Ni mimi mfugaji mwenzenu,
Bungu.