Dozi ya mionzi kifuani, nani anaipima?

Leo niko huku nyumbani Igowole, ila mada yangu si chai wala mbao. Ni mionzi.

Mtu wa Nyanda za Juu Kusini akiambiwa ana saratani, kwa miaka mingi njia imekuwa moja: basi mpaka Dar, Ocean Road. Nasi waandishi maswali yetu ni yaleyale: mashine ngapi, bilioni ngapi, mgeni rasmi nani. Hatuulizi kama dozi inayosomeka kwenye kompyuta ndiyo inayomfikia mgonjwa.

Chukueni kifua. Mufindi nzima inajua ubao mbichi na mkavu si uzito mmoja, hata vipimo vikilingana. Nyama ya mwili inakaribia uzito wa maji, lakini pafu limejaa hewa. Kwa ujazo uleule ni kama robo tu ya maji. Mionzi inapenya humo kirahisi. Programu ikilihesabu pafu kama maji, kilicho nyuma yake kinapata zaidi ya ilivyopangwa. Programu za zamani zinazosahihisha kijuujuu zina lao pia: uvimbe mdogo katikati ya pafu unaonekana kwenye skrini umepata dozi kamili, kumbe kingo zake zimepunjwa. Ukipunjwa, uvimbe unaweza kurudi. Pafu likizidishiwa, linapata makovu na mtu anakosa pumzi. Na msidhani haya ni ya wavuta sigara tu. Anayetibiwa titi au koo la chakula, mionzi yake nayo hupitia pafuni.

Dozi iliyozoeleka kwa saratani ya pafu ni gray 60, kwa mafungu 30. Asilimia 5 yake ni gray 3, si kidogo. Tangu 1969 IAEA na WHO wanatumia hospitali vipimo vidogo kwa posta. Vinapigwa mionzi, vinarudishwa, na tofauti ikizidi asilimia 5 wanafuatilia. Safi sana, ila hiyo hupima mashine, haipimi hesabu za pafu. Kwa pafu kuna sanamu ya kifua yenye mapafu mepesi ya bandia: unaweka kipimo ndani, unapiga mionzi, unalinganisha na kompyuta. IAEA walichapisha utaratibu huo mwaka 2008.

Panama, kati ya 2000 na 2001, wagonjwa 28 walizidishiwa dozi na baadhi yao wakafa. Mashine ilikuwa nzima! Taarifa ziliingizwa kwenye kompyuta kwa namna isiyo sahihi, na hakuna aliyezihakiki hesabu zile kwa mkono.

Sisemi dozi za kwetu zina kasoro. Nasema matokeo ya ukaguzi yatolewe hadharani, kama Baraza la Mitihani linavyotoa ya kila shule. Wapo watakaosema wananchi wataogopa. Hivi kweli, mtu aliyeuza mbao zake kupata nauli na hela ya kula mjini wiki sita, ndiye wa kufichwa namba?

Waandishi wenzangu, siku nyingine mkialikwa kwenye uzinduzi wa mashine, mtafuteni mwanafizikia tiba (mara nyingi anasimama nyuma kabisa, hana hata kiti) mumuulize: kifua mlikipima lini mara ya mwisho, na tofauti ilikuwa asilimia ngapi?