Wi-Fi ya Ashu Si Lazima Ikwame

Wasee wa Soweto West, tuache kupigwa stori. Unalipa ashu yako, Wi-Fi inakwama, muuzaji anasema "leo watu ni wengi." Kwani watu wengi si ndio kazi ya ruta?

Wauzaji wengi wa mtaani wanatumia MikroTik, mashine za kampuni ya Latvia. Ndani kuna RouterOS, na hiyo ndiyo inasimamia kila kitu: vocha za kuingia, ukuta wa kuzuia wezi, na foleni. Foleni inampimia kila mtu speed yake, ndio jirani akishusha muvi, wewe bado utume CV. Haiongezi laini, sawa, lakini inagawa kwa haki. Na hailipiwi kando!

Kuapdeti nayo? Mwaka 2018 kulipatikana shimo lililowaachia wezi wasome pasiwadi za ruta hizo. Dawa ilitoka mwaka huohuo. Asiyeapdeti aliacha mlango wazi.

Kabla utoe ashu, muulize: kila mtu anapata speed ngapi? Uliapdeti lini? Akibabaika, jua shida si mvua. Ni yeye.