Kijana wa mlimani apewe nafasi kwanza, masharti baadaye

Desemba ikifika, magari kutoka Dar es Salaam na Arusha hufuatana barabarani kupanda Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, kwenye Mlima Kilimanjaro. Kwa wazazi huko ni kurudi nyumbani. Kwa kijana wa miaka 15 aliyekulia Mbagala, au hata hapo chini mjini Moshi, mara nyingi ni mtihani mwingine. Anaulizwa ameshika nafasi ya ngapi darasani. Anasemeshwa Kirombo au Kimachame ambacho hakuna aliyemfundisha, na akijibu kwa Kiswahili anachekwa. Kisha anatajiwa binamu yake anayesomea udaktari. Kesho yake akijifungia chumbani na simu, tunasema watoto wa siku hizi hawapendi ndugu. Mimi naona tunakosea mpangilio. Kijana anayethubutu kuwa yeye mwenyewe ni yule mwenye hakika kwamba kwao ni kwao, afaulu asifaulu. Sisi tunamtaka kwanza afanane na wengine, ndipo tumhesabu kuwa wetu.

Wapo watakaosema kwamba habari za kijana kufuata njia yake ni za kigeni, zimeletwa na mitandao. Historia ya mlima huu haiwaungi mkono. Kwa mila ya Wachagga, kifungua mimba na kitinda mimba wa kiume ndio waliokuwa na uhakika zaidi wa kurithi ardhi, na kitinda mimba ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati walitakiwa kwenda kutafuta: kufungua pori, kufanya biashara, na baadaye kusoma. Huwezi kueleza jinsi Wachagga walivyosambaa nchi nzima bila kuwataja hao. Hakuna aliyewafuta kwenye ukoo kwa kuishi tofauti na kaka zao, na wengi wao, hata walipofia mbali, walirudishwa kuzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Tazama pia mbuzi wa ukoo anavyogawanywa: mkubwa ana sehemu yake, mjomba ana yake, na mabinti wa ukoo wana yao. Mtu hupewa nyama kwa sababu ya alivyo kwa wenzake. Haulizwi kwanza amefaulu nini.

Wazee wa mila hiyo hawakumwachia kijana abahatishe. Mchungaji Bruno Gutmann, Mlutheri Mjerumani aliyefanya kazi Uchaggani, hasa Old Moshi, kwa vipindi kati ya 1902 na 1938, aliandika mafundisho waliyopewa vijana wakati wa kuingia utu uzima, na yakachapishwa katika majuzuu matatu. Wingi huo peke yake unaonyesha kwamba balehe ilihesabiwa kuwa kazi ya jamii, yenye mwalimu wake na muda wake, na kijana aliipitia pamoja na rika lake. Najua nitakumbushwa kwamba mila hizo ziliumiza pia, hasa wasichana waliokeketwa. Ni kweli, na sheria ya 1998 iliyoharamisha ukeketaji wa watoto wa kike ilifanya haki. Siombi visu virudi. Ninachokililia ni yule mtu mzima, asiye baba wala mama, aliyepewa jukumu la kukaa na kijana na kumsikiliza. Mafundisho ya kipaimara na madrasa yangeweza kushika sehemu ya kazi hiyo, lakini siku hizi sherehe ya kipaimara hujadiliwa zaidi kwa ukumbi, sare na zawadi.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili: kwamba ukoo unabana, na kijana mwenye akili aachane nao. Kwa msichana hoja hii ina uzito mkubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini binti bado anaweza kuambiwa kwamba yeye ni wa kuolewa, kihamba hakimhusu. Anayeambiwa hivyo tangu utotoni ameambiwa kwamba kwao si kwao. Hapo ukoo ndio wenye wajibu wa kubadilika. Lakini kuukimbia hakumtibu mtu upweke, na sheria zetu zenyewe hazimlazimishi kuchagua kati ya sauti yake na ukoo wake. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamtaka aheshimu wakubwa na kusaidia familia yake ishikamane. Wazazi wengi hukikumbuka hicho cha pili tu.

Shuleni nako nafasi ya kuchagua imepanuka: mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65, yaani michanganyiko ya masomo, za kidato cha tano, nyingi zikiwa mpya, zikiwemo za muziki, sanaa na michezo. Mlango umefunguliwa, ila mwanafunzi anayetaka kuupitia huku nyumbani wanaikubali PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) peke yake atabaki amesimama nje. Kwa hiyo mzazi, mjomba, shangazi: Desemba hii mwite huyo kijana, mwonyeshe makaburi ya wazee wake na umtajie majina yao, mfundishe salamu ya kwao bila kumcheka, mpe sehemu yake ya nyama. Siku ya kuchagua tahasusi ikifika, mshauri unavyojua, kisha mwache ajaze mwenyewe.