Likasi Inapenda Mpira, Lakini Timu Kubwa Iko Wapi?

Nimerudi usiku wa manane kutoka Lubumbashi, nguo zimejaa vumbi, na mtoto wangu wa kiume amelala na jezi aliyovaa kwenda uwanjani. Uwanjani kwenyewe hakuingia. Kwa hiyo nauliza hadharani: mji wa Likasi, ambao vijana wake wanacheza mpira kila kona, kuanzia Kikula hadi Panda na Shituru, umekosa nini hata usiwe na timu kubwa? Kwa nini sisi tuufuate mpira kilomita 120?

Acha nieleze yaliyotupata. Mtoto alifaulu vizuri shuleni, nikamwahidi kwamba nitampeleka kuona mechi ya ligi kwa macho yake, si kwenye simu ya jirani. Tuliondoka alfajiri. Basi lilipokwisha kujaa, kila mtu amekaa na mzigo wake miguuni, ndipo kondakta akatangaza nauli mpya, eti leo kuna mechi. Asiyetaka ashuke. Nani atashuka na mtoto amekwisha kukaa dirishani anachekelea? Tukalipa. Njiani kuna peaje, ushuru wa barabara, na pesa ya peaje tunaijua inatoka mfukoni mwa abiria.

Tulifika mapema, nikanunua tiketi dirishani, si kwa walanguzi. Tukapanga mstari juani. Mstari ulisogea kidogo, kisha mlango ukafungwa. Kumejaa, wakasema. Nikaonyesha tiketi zangu mbili. Kijana wa mlangoni hakuziangalia. Na huku tunasukumwa nyuma, niliona kwa macho yangu watu wakipitishwa mlango wa pembeni: mtu anakunja noti kwenye kiganja, anampa mlinzi mkono kama anayemsalimia, anaingia. Mwenye tiketi anabaki nje, mwenye noti anaingia. Nilipouliza nani atanirudishia pesa yangu, nikaambiwa nimwone mkubwa. Mkubwa yuko wapi? Yuko ndani, anatazama mpira.

Nikambeba mtoto mabegani, labda ataona kitu juu ya ukuta. Hakuona kitu. Watu ndani wakapiga kelele, uwanja mzima ukatetemeka, akaniinamia: "Baba, nani amefunga?" Sikuwa na jibu. Bwana Mhariri, swali hilo ndilo lililonitoa machozi kuliko nauli na tiketi.

Na kurudi ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Lori lililobeba mabamba ya shaba lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, magari yamejipanga mbele na nyuma hadi macho yanachoka. Tulikaa gizani hapo, watoto wanalia njaa, madereva wanatukanana. Nilitembea hadi pale kwenye lori. Mabamba yamefungwa kwa mikanda ya chuma, safi kabisa, yanang'aa kwenye taa za magari. Nikajiuliza: mali yote hii inapita mlangoni kwetu usiku na mchana kwenda mpakani Kasumbalesa, na mtoto wangu hana hata kiwanja cha kuonea mechi karibu na nyumbani?

Najua watakaonijibu kwamba TP Mazembe ni ya Katanga yote. Sina ubaya na Mazembe. Waliposhinda ubingwa wa vilabu vya Afrika 2009 na 2010, wakafika fainali ya vilabu vya dunia kule Abu Dhabi kucheza na Inter Milan, Likasi nzima ilikuwa barabarani. Lupopo nayo ina watu wake hapa, tena wengi. Lakini zote mbili ni za Lubumbashi. Zote zilizaliwa 1939: Mazembe mikononi mwa mapadri, Lupopo kwa watu wa reli. Baadaye Mazembe ikapata rais mwenye pesa, na tangu 2011 ina kiwanja chake Kamalondo chenye nafasi 18,500. Mwanzo walikuwa na wa kuwalea, na leo wana pesa na kiwanja. Wachezaji hawaoti Lubumbashi peke yake.

Sisi mlezi wetu alikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Marehemu baba yangu alifanya kazi huko, na sisi watoto tulitibiwa katika hospitali ya kampuni, tukasoma shule ya kampuni, tukacheza kwenye viwanja vya kampuni. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, uzalishaji ukaanguka, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa kiasi cha pesa na kuambiwa kwaheri. Tunazungumza kila siku juu ya mishahara iliyopotea, lakini hatusemi kwamba siku ile michezo pia ilikufa. US Panda B52 imelibeba jina la mji wetu hadi Linafoot, ligi ya taifa ya Kongo, nawapa heshima zote. Lakini timu ya Likasi ikitakiwa kucheza Kinshasa au Mbuji-Mayi inahitaji ndege, maana barabara ni mbovu. Tiketi za ndege za wachezaji na makocha zitalipwa na nani? Na mama anayeuza samaki wa makayabu sokoni Kikula?

Halafu 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne. Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, ikapata gavana, ofisi na bajeti. Sisi tukabaki mji wa pili wa Haut-Katanga, na mgao wa pesa ukifika Lubumbashi, huku tunapata makombo.

Wasiniambie kwamba mji usio makao makuu hauwezi. Tazameni ng'ambo ya mpaka, Kitwe. Makao makuu ya jimbo la Copperbelt ni Ndola, si Kitwe. Lakini Kitwe ina Nkana, iliyochukua ubingwa wa Zambia zaidi ya mara 10 na kufika fainali ya Afrika 1990, tena ina Power Dynamos, iliyochukua Kombe la Washindi la Afrika 1991. Shaba yao na shaba yetu ni ya ardhi moja. Tofauti ni kwamba kule mgodi na kampuni ya umeme waliweka pesa kwenye timu ya mji. Na Tanzania, mji wa Geita ulipata timu ya ligi kuu, Geita Gold, ya halmashauri ya mji yenyewe, ikisaidiwa na mgodi wa dhahabu. Ilicheza hadi kombe la Afrika.

Na sheria tunayo. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mji, komune, sekta au utemi (chefferie) ambako madini yanachimbwa, na kila kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Sisemi pesa ya hospitali ichezewe mpira. Nasema kijana anayecheza kila jioni hana muda wa kuiba nyaya wala kunywa pombe ya lotoko. Jirani yangu anafundisha watoto kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba zetu, mistari anaichora kwa majivu ya makaa kwa sababu chokaa ni ghali. Mrabaha wa shaba ushindwe kununua mfuko wa chokaa?

Hata kutazama nyumbani hatuwezi. Mechi ikifika dakika ya sitini, umeme unakatika. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni yako hapo hapo kwenye mto Lufira, jirani zetu kabisa, na bado Likasi inakaa gizani. Ankara lakini haikatiki, inafika kila mwezi.

Na wanasiasa wetu ndio wananiudhi kuliko wote. Uchaguzi ukikaribia, kila mmoja anaanzisha mashindano yenye jina lake, anagawa jezi zenye picha yake, anapiga teke la kwanza, watu wanapiga makofi. Kura zikihesabiwa, anahamia Kinshasa. Jezi zinachanika, na mipira inatoboka, yeye haonekani tena hadi miaka mitano ipite.

Basi nataka jibu, na nadhani wazazi wengi wa Likasi wanalitaka pamoja nami. Wakubwa wa mji na wa jimbo wabandike kwenye ukuta wa kila komune: mrabaha ulioingia ni kiasi gani, na michezo imepewa ngapi. Kampuni zinazopitisha malori mbele ya nyumba zetu zikae na viongozi wa timu zetu, waandike mkataba wa miaka, si wa kampeni. Na atakayekuja Kikula na jezi zenye uso wake, tumrudishie mzigo wake na kumwuliza mbele ya watu wote: pesa ya kiwanja iko wapi?

Baba wa familia,
Komune ya Kikula, Likasi