Majani Mekundu Yapo Kondoa, Usikope

Nashona nguo za maharusi hapa Dodoma, na wengi hunionyesha picha za majani mekundu ya Ulaya. Wengine wako tayari kukopa wakale fungate huko. Kuanza ndoa na deni kwa ajili ya majani? Mimi siungi mkono.

Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, miombo ya vilima vya Kondoa huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba. Ya Ulaya yanakaribia kuanguka, haya ndiyo kwanza yanatoka. Piteni Kolo, mchukue mwongozaji, mkaone michoro ya miambani, Urithi wa Dunia tangu 2006. Misikiti ipo, na hijabu yako haimshangazi mtu. Fedha itakayobaki, anzieni maisha.