Nabii Yunus na Watu Aliowakatia Tamaa



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunamtazama Nabii Yunus bin Matta (A.S.), miongoni mwa Mitume wa Bani Israili. Alitumwa Ninawi, mji wa Waashuri ukingoni mwa mto Tigris, mkabala na Mosul ya kale nchini Iraq. Watu wake, kama tufahamishwavyo katika Suratus Saffat, walikuwa laki moja au zaidi.

Aliwalingania, wakamkanusha. Akaghadhibika, akaondoka kabla ya kupata idhini ya Mola wake. Akapanda jahazi lililosheheni. Ikapigwa kura, ikamwangukia yeye, akamezwa na samaki. Katika giza la usiku, la bahari na la tumbo la samaki, alikiri upweke wa Mwenyezi Mungu, akamtakasa, na akajihesabu miongoni mwa waliodhulumu. Mola akamwitikia. Akatupwa ufukweni hali ni mgonjwa, akaoteshewa mung'unye umfunike.

La kuzingatia zaidi ni yaliyojiri nyuma yake. Watu wa Ninawi waliamini, nayo adhabu ikaondolewa juu yao. Suratu Yunus inawataja kwa jambo hilo wao peke yao. Wale aliowakatia tamaa ndio waliookoka!

Ndipo Mtume wetu (S.A.W.), katika Suratul Qalam, akausiwa asubiri, asiwe kama mwenye samaki. Naye alisubiri. Alipotoka Taif akivuja damu kwa kupigwa mawe, alijiwa na malaika wa milima, tayari kuwaangamiza waliomkanusha lau angetaka. Alikataa, akitaraji vizazi vyao vitamwabudu Mwenyezi Mungu. Katika safari hiyo hiyo alikutana na Addas, mtumwa Mkristo mwenyeji wa Ninawi, akamtaja Yunus kuwa ni ndugu yake.

Enyi kina mama na kina baba, wangapi kati yetu wana kijana aliyezama katika unga, au binti aliyeacha swala, na ndimi zimeshachoka, zimeanza kuapiza? Hatusemi mzazi asikemee, wala asilinde mali na wadogo zake. Kemeeni, lakini radhi msiikate, na dua isikome. Saa ya moyo kugeuka haimo mikononi mwetu. Huenda ukageuka na mzazi ameshampa kisogo mwanawe.

Wabillahi tawfiq.