Chakula Kina Desturi Yake

Juma hili twataka kuongea nanyi habari ya sahani ya ugali. Huenda mtacheka na kusema: "Ugali nao una habari gani? Twaula kila siku." Ni kweli, lakini yale yatulindayo kila siku ndiyo tusiyoyatazama.

Tuanzie mbali. Katika nchi ya Meksiko mna ziwa liitwalo Pátzcuaro, na ndani yake kisiwa kidogo, Janitzio. Wenyeji wake ni watu wa kabila la Purépecha. Tangu zamani wanaume walivua kwa nyavu zenye umbo la mabawa ya kipepeo, ingawa siku hizi nyavu hizo huonyeshwa zaidi kwa wageni. Hula samaki wadogo, mfano wa ndakala zetu, pamoja na mikate myembamba ya mahindi. Lakini mahindi hayo mama hayasagi vivi hivi. Huyachemsha kwanza katika maji ya chokaa, huyaacha usiku kucha, kisha huyaosha.

Chokaa ya nini? Wazungu walipoyachukua mahindi kwenda kwao hawakuuliza. Walichukua mbegu, wakaiacha desturi. Maskini wa Hispania na Italia, waliokula karibu mahindi matupu, wakashikwa na pelagra, ugonjwa uharibuo ngozi, tumbo na akili. Mganga Gaspar Casal aliuandika huko Hispania mwaka 1735. Baadaye sana wataalamu walitambua kwamba chokaa huifungua vitamini iliyofichika ndani ya punje.

Sasa turudi kwetu Fizi. Sisi nasi tuna "kisiwa" chetu, yaani Ubwari. Waingereza Burton na Speke, walipolivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1858, walidhani kuwa ni kisiwa. Kumbe ni rasi iliyoshikamana na nchi kavu, nayo huikinga ghuba ya Baraka. Huko wavuvi hutoka usiku usio na mbalamwezi, huwasha taa, na ndakala huifuata nuru mpaka wavuni. Asubuhi huanikwa juani. Jioni familia hukaa kuizunguka sahani ya ugali wa muhogo, ndakala na sombe.

Muhogo nao ni mgeni kwetu. Kwao ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha pwani ya Afrika. Ule mchungu una sumu ndani yake. Kwa hiyo mama zetu huuloweka majini siku tatu au nne mpaka ulainike, huuanika, huutwanga na kuuchekecha. Sombe nayo hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Hiyo siyo kazi ya bure: maji, jua na subira ndivyo viitoavyo sumu.

Azipunguzaye siku hizo huhatarisha miguu ya watoto wake. Uko ugonjwa uitwao konzo, ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi ya Kongo. Miguu hukakamaa ghafula, mtu akatembea kwa vidole au asitembee kabisa, wala haponi tena. Huwashika zaidi watoto na akina mama. Mwaka 2011 waganga waliandika kwamba umeonekana hata katika Kivu ya Kusini, mahali palipoteswa na vita. Nasi twaelewa sababu: mtu anayekimbia hawezi kungoja siku nne kando ya mtungi.

Lakini vita siyo haraka pekee. Hapa Misisi dhahabu imekusanya watu wa kila upande. Mchimbaji atokaye shimoni ana njaa, muuzaji ataka fedha, na unga hununuliwa sokoni pasipo kujua umelowekwa siku ngapi. Vijana wengine huicheka kazi ya bibi zao, wakiiita ya kizamani. Wafanya kama wale waliochukua mahindi na kuiacha chokaa!

Akina mama, mnunuapo unga, ulizeni bila haya: "Dada, muhogo huu ulilala majini siku ngapi?" Mkiwa na shaka, fanyeni kama walivyofundishwa akina mama wa Popokabaka, kwa njia iliyobuniwa na Bradbury wa Australia. Changanyeni unga na maji, mwutandaze juu ya ungo, unene wake usizidi sentimita 1, mwuache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha mwupike siku ile ile. Wala msiule ugali mtupu. Ndakala na maharage huusaidia mwili kuishinda sumu iliyobaki.

Nanyi wanafunzi, jioni hii mwendeeni bibi. Mwulizeni jinsi anavyojua kwamba muhogo umeiva majini, mkayaandike maneno yake daftarini. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Sisi tuishio karibu na mji wa Baraka tusingoje kufundishwa neno hilo na mtoto asiyeweza tena kukimbia.